Nilitia Maji Mimi, Akaitwa Mama Maji Yeye

Ndugu wasomaji, mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara ya Gety wakati wa mvua. Nilimaliza shule ya msingi tu, na barua hii nimeiandika polepole, nikifuta na kuanza tena mpaka karatasi ikatoboka. Penye herufi iliyopotea, iongezeni ninyi wenyewe. Kosa la mkono mniwie radhi. Kosa la moyo ndilo ninalokuja kusema.

Ni mimi niliyetia maji katika esansi, yaani petroli, ya magari. Nimeliandika neno hilo mapema, kabla sijaogopa. Si Mama Unega. Ni mimi!

Majina ya wengine nimeyabadilisha, na langu nimelificha, maana bado ni mwoga. Jina la Mama Unega sikuligusa. Hilo lazima lionekane.

Mimi ni kijana wa Bunia, nakaa mtaa wa Mbunya pamoja na mama yangu. Tangu utoto nina haya. Mtu akinisalimu njiani kwa sauti kubwa, jibu langu linachelewa, na linapotoka yeye amekwisha kupita. Watu husema nina kiburi. Si kiburi, jamani! Ni woga wa kuangaliwa.

Baba yangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Gety. Mzungu alipoondoka nchini alimwachia gari lake dogo, lile lenye mgongo wa mviringo na moteri nyuma. Baba aliliita Kobe. Alipokufa sikurithi shamba wala ng'ombe. Nilirithi Kobe.

Kwa ajili ya Kobe niliingia katika kundi la wenye magari ya zamani. Msicheke! Bunia tuko na watu wanaopenda magari ambayo wengine wamewaachia kuku watage ndani. Kila Jumapili, watu wakitoka kanisani, tulikutana katika uwanja ulio nyuma ya depo ya Muzee Kambale, mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Yeye ndiye mkubwa wetu. Gari lililokuwa na nguvu lilikuja lenyewe, lisilo na nguvu tulilisukuma. Tuliyapanga kwa duara, nyuso zikitazamana, vifuniko vya moteri vimefunguliwa, kisha tulizunguka tukipangusa, tukisifu, tukibishana ni gari lipi lina sauti nzuri. Wengine wanapenda kwaya. Sisi tulipenda moteri.

Taabu yetu ilikuwa esansi. Pampu za mjini zilikauka majuma na majuma. Esansi ilikuja kwa mapipa kutoka upande wa Mahagi, kidogo, na ghali. Basi tukafanya likelemba. Wengine hufanya likelemba ya pesa: wote wanatoa, mmoja anapokea, kesho ni zamu ya mwingine. Yetu ilikuwa ya esansi. Kila mtu alileta chupa moja ya bia iliyojaa esansi, zote zikamiminwa katika bidoni moja, gari la mwenye zamu likanywa, nasi wote tukapanda humo tukatembea. Siku hiyo gari la mmoja lilikuwa gari la wote. Katikati ya juma kila mtu alivumilia. Hukuwasha gari lako kwa esansi ya likelemba, hata ukilitamani namna gani.

Na ilikuwapo desturi. Kabla ya kumimina, unainua chupa yako juu ya kichwa, watu waone imejaa, na unataja jina la gari lako kwa sauti. Asiyejaza anaeleza sababu mbele ya wote.

Ee Mungu, saa ile! Mkono wangu ulipanda, lakini sauti haikutoka. Macho yote kwangu. Hapo ndipo Mama Unega alinisaidia. Alipiga kelele kwa niaba yangu:

"Kobe iko! Chupa imejaa! Yeye iko na haya, lakini chupa yake haiko na haya. Mwangeni!"

Watu wakacheka, nami nikapona.

Huyu Mama Unega ni mjane, mtu wa upande wa Mahagi, mwanamke peke yake katika kundi letu. Bwana yake alikuwa akibeba samaki kutoka ziwani, akamwachia watoto na Pejo moja ya kijivu yenye pua ndefu. Alijifunza kuiendesha baada ya matanga, watu wakimcheka. Alikula kwa kuuza esansi katika chupa, mezani kando ya barabara. Sisi wote tulinunua kwake, kwa sababu chupa zake zilijaa mpaka shingoni.

Ulimi wake ulikuwa mwepesi. Siku moja Safari, fundi wetu mwenye mapengo, alimchokoza:

"Mama, hii Pejo iko na miaka mingi kuliko weye!"

"Na iko na meno mingi kuliko weye, Safari."

Huyo ndiye mtu niliyemharibu.

Ilikuwa Jumamosi. Chupa yangu ya likelemba nilikuwa nimeinunua, imejaa, imesimama pembeni mwa nyumba. Mama yangu alikwenda sokoni. Nilikuwa namfuta Kobe vumbi. Alikuwa hajawaka siku nyingi. Nikasema moyoni: nimpe kidogo tu, nisikie kama bado ni mzima. Kidogo tu!

Nilimimina. Nikawasha. Akakohoa, akakataa, kisha akashika. Ndugu zangu, sauti ile! Ilikuwa kama Baba amerudi kutoka kazini na anaingia uani. Nilifunga macho. Sikuzima. Moteri ilipoanza kudhoofu, nikaongeza. Nilipoamka katika ule utamu, chupa ilikuwa imebaki nusu.

Sikuwa na njia ya kununua nyingine. Kesho ningesimama mbele ya watu na nusu chupa, na ningepaswa kueleza. Kueleza nini? Kwamba nilishindwa kuvumilia kama mtoto mbele ya sukari? Na kwa sauti gani?

Nikachukua maji katika pipa la mvua, nikajaza.

Nilijua maji hayachomeki. Siwezi kusema sikujua! Lakini chupa za bia ni za rangi ya kahawia, huoni kilicho ndani. Tulichuja esansi kwa kitambaa, lakini kitambaa kinazuia takataka, hakizuii maji. Nikajidanganya: chupa ni nyingi, maji yangu yatapotea humo.

Jumapili ile zamu ilikuwa ya Muzee Kambale, na haikuwa zamu ya kutembea bure. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Butembo, na Muzee alitaka kumpeleka Irumu kwa binti yake mwingine, kwa heshima, katika gari lake jeusi lililong'aa kama kiatu cha askofu. Tulivaa vizuri sote.

Niliinua chupa. Sauti ikakataa, kama kawaida.

"Kobe iko! Chupa imejaa!" akapaza Mama Unega. "Mwangeni!"

Hakunisikia nikisema uongo. Aliusema yeye kwa ajili yangu, bila kujua.

Tulikwenda vizuri mpaka tukaiacha Bunia nyuma. Kwenye mlima wa kwanza gari likashtuka, likakohoa, likasimama. Safari akashuka, akagonga hapa na pale, likawaka. Likatembea kidogo, likafa tena. Mvua ya asubuhi ilikuwa imefanya barabara kuwa uji. Mwisho ilibidi wote washuke, hata mama mkwe, na kitenge chake kipya.

Ninyi mnajua mambo ya wakwe. Mtu hamshiki mama mkwe wake mkono. Yule mama mzee alianza kuteleza, Muzee Kambale akanyoosha mikono, akairudisha, akanyoosha tena, akairudisha. Mama mkwe akakaa chini kwenye matope, puu! Muzee akageuza uso kama mtu aliyepigwa kofi. Mama Unega ndiye aliyevua viatu, akamwinua, akamfuta kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa.

"Muzee," Safari akasema, "gari imekataa mukwe."

"Funga kinywa, Safari!"

Safari akafungua karbirateri, akamimina kiganjani kilichokuwamo. Akanusa. Akangoja. Esansi hukauka upesi mkononi. Ile haikukauka.

"Muzee, hii haiko esansi. Hii iko maji."

Mimi nikasogea nyuma ya wengine.

Muzee Kambale alimgeukia Mama Unega, naye alikuwa bado anampangusa mkwe wake.

"Mama, esansi ya siye wote inatokaka kwako. Njo unatufanyia hivi? Mbele ya mukwe yangu?"

"Mimi? Muzee, na mimi nanywesha gari ya bwana yangu ile ile esansi. Nitaiua gari yangu?"

"Sasa maji ilitoka wapi? Ilianguka mbinguni?"

"Uliza watu. Uliza moja-moja. Usiangalie mimi tu kwa sababu niko muke."

Akauliza mmoja mmoja. Safari akaapa kwa watoto wake. Wengine wakaapa. Zamu yangu ilipokaribia nilifungua mdomo. Nawaambia kweli, nilifungua! Neno lilikuwa juu ya ulimi. Mama Unega akaona nateseka, akafikiri ni haya zangu za kila siku.

"Ule mutoto musimusumbue," akasema. "Ule hawezi."

Muzee akaniangalia hata hivyo. "Weye, Kobe. Uliweka maji?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Huo ndio uongo wangu. Maji niliyatia kwa aibu, lakini kichwa nilikitikisa nikiwa na akili zangu zote, na mtu aliyenitetea amesimama mbele yangu, miguu yake imejaa matope.

Jumapili iliyofuata Mama Unega alikuja na Pejo yake, watoto wake wanasukuma. Tulikuwa tumekwisha kupanga. Muzee alikuwa ameamuru magari yote yageuzwe, yampe mgongo. Hatukuwahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote. Hata Kobe alimpa mgongo. Nilimgeuza kwa mikono yangu.

Mama alisimama katikati ya migongo ile. Alizunguka na macho, akitafuta uso hata wa gari moja. Kisha akawaambia watoto, "Turudi."

Safari hana ubaya, lakini hawezi kuficha hadithi. Kwa siku chache mji wote ulijua namna gari lilivyomwaga mkwe kwenye matope. Madereva wa malori waliibeba hadithi hiyo njia zote. Watoto wa shule wakipita mezani pake walimwimbia:

"Mama Maji! Mama Maji! Tupatie ya kunywa!"

Wateja walipungua, kisha wakaisha. Mtu mwenye pikipiki mbovu, iliyokuwa mbovu tangu zamani, alikuja kumtukana kwamba ameiua. Chupa zake zilikaa juani zimejaa mpaka shingoni, na mtu hakuzigusa. Mimi nilikuwa nikipita njia ya nyuma ili nisizione.

Siku moja nikasikia hodi kwetu. Alikuwa yeye. Amekonda.

"Mwanangu," akaniambia, "weye peke yako hukusema neno mubaya juu yangu. Wengine wote walisema. Kuya unisaidie kusukuma Pejo. Mutoto wangu mukubwa wamemufukuza masomoni juu ya minervali, ile pesa ya masomo. Pejo nimeuzisha."

"Kwa nani, Mama?"

"Kwa wale wa sufuria."

Mafundi wa sufuria wanayeyusha chuma chepesi cha moteri na kutengeneza vyombo vya kupikia. Gari likiingia kwao halitoki. Nilipaswa kulala chini ya magurudumu. Nilipaswa kusema! Badala yake niliweka mabega yangu nyuma ya Pejo ile nikasukuma. Mama alikaa kwenye usukani, amenyooka, amevaa kama siku ya misa. Kwenye kila kona alitoa mkono dirishani kuonyesha anageuka, ingawa nyuma yetu hakukuwa na gari lolote.

Tulipofika, fundi mmoja alikuja na nyundo kubwa. Mama akaniambia, "Asante, mwanangu. Weye iko mutu muzuri."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Chakula kilinikataa. Mama yangu alifikiri ni malaria, akanichemshia majani machungu. Nilikunywa tu. Uani Kobe alikuwa ananitazama, sikuweza hata kumfuta vumbi.

Mwishoni nilikwenda. Nilimkuta Mama Unega mlangoni anachambua maharagi. Nilikuwa nimejifunza maneno mengi njiani, yote yalipotea. Nikabaki na maneno haya tu:

"Mama, maji ni mimi."

Hakuelewa. "Maji iko mule mu bidoni. Kunywa."

"Hapana, Mama. Yale maji. Mu esansi. Ni mimi."

Mikono yake ikasimama juu ya maharagi. Nilimweleza yote, kwa vipande, nikiangalia miguu yangu. Nilipofika mahali pa kuwasha Kobe na kufunga macho, aliinua uso.

"Na ilitoa sauti muzuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama zamani? Kama ya baba yako?"

"Ndiyo, Mama."

Akalia. Hakulia siku ya migongo, wala siku ya nyundo. Alilia hapo. Nikapiga magoti, nikamwambia amchukue Kobe, awe wake kabisa.

"Gari ya baba yako itanifanyia nini?" akasema. "Mi nilikuwa na gari ya bwana yangu. Simama. Usinipigie magoti, enda upige kwa wale."

Nilikwenda Jumapili. Mara hii hakukuwa na mtu wa kunisemea. Nilisimama katikati ya duara muda mrefu, watu wakaanza kunung'unika, na Safari akauliza kama nimemeza maniveli, kile chuma cha kuzungushia moteri. Kisha nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote walisikia, kwa sababu baada yake hakuna aliyecheka. Muzee Kambale alifunga kifuniko cha gari lake, akakaa juu ya jiwe, akashika kichwa.

"Na ule mama alimuinua mukwe yangu," akasema. "Mimi nikamuita mwizi, na mukono yake iko na matope ya mukwe yangu."

Wakanipa mgongo, na ni haki. Sitarudi mpaka waniite, kama wataniita.

Muzee alikwenda kwa Mama Unega pamoja na wazee wawili kuomba msamaha. Alitaka pia kumsaidia minervali ya mtoto. Mama aliwapokea vizuri, akawapa viti. Kisha akawauliza:

"Ninyi mumejua. Wenye kununua wamejua?"

Ndipo akaniita. Alisema atarudisha meza yake barabarani kama mimi nitakaa hapo naye, na kila mtu atakayepita na kusema "Mama Maji," mimi nisimame nimweleze kwa mdomo wangu. Si yeye aeleze. Mimi.

Nimeanza. Siku ya kwanza nilizipanga chupa mezani mwenyewe. Dereva mmoja alisema, "Wee, si njo ule muke wa maji?" Nikasimama. Nikasema, "Hapana, kaka. Maji niliweka mimi." Aliniangalia kama mwendawazimu, akaondoka bila kununua. Juzi mwingine alinisikiliza mpaka mwisho, akanitukana sana, akanunua chupa mbili. Mama akahesabu pesa, akanipa muhogo wa kuchoma. Hajaniita mwanangu tena. Simlaumu.

Vijana wenzangu wenye haya, nawaonya. Watu wanaona tunanyamaza, wanatuita wapole, nasi tunapenda sifa hiyo. Lakini kimya chetu kinaweza kumla mtu mzima, na watoto wake, na gari la marehemu bwana yake. Kama umekosa, sema siku ile ile, hata ukigugumiza, hata ukilia. Na wewe unayependa kitu chako mpaka unafumba macho, gari au pikipiki au radio, angalia unachotumia kukilisha. Labda ni cha wote.

Neno la mwisho. Mimi nakaa kwenye meza moja, barabara moja. Hadithi ya Mama Maji ilipanda malori, ikaenda nisikojua. Basi nawaomba, ninyi mliosoma mpaka hapa: kama huko kwenu, Irumu au Gety au Mahagi au kando ya ziwa, mmesikia kwamba Bunia kuna mjane anayeuza maji, ikaneni hadithi hiyo hapo hapo. Kisha niandikieni. Niambieni ni soko gani, ni baa gani, ni kijiji gani. Mhariri wa gazeti hili anajua nilipo, atanipa barua zenu. Nitasoma polepole, lakini nitasoma zote, na nitakuja huko kwa miguu yangu kusema kwamba ni mimi.